Mwanamke Huyu Ana Kazi Gani Ndani ya Tangazo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo nimeyapokea kwa miaka mingi kutoka kwa wazazi, walimu, wanafunzi wa uandishi wa habari na wafanyabiashara wanaotaka kutangaza bidhaa zao bila kumvunjia mtu heshima. Nimeyajibu kwa kirefu pale yanapohitaji, na kwa maneno machache pale jibu lenyewe lilipo fupi.

Tangazo linalomdhalilisha mwanamke ni lipi hasa?

Ni tangazo linalomtumia mwanamke kama pambo, kama mtumishi asiyechoka au kama mtu mwenye akili pungufu, ili bidhaa ipate kuuzika. Kipimo ninachokitumia mimi ni swali moja tu: mwanamke huyu ana kazi gani ndani ya tangazo?

Chukua bango la matairi lililosimamishwa karibu na kituo cha daladala. Tairi limewekwa katikati, bei na namba ya simu zimeandikwa chini, na kando ya tairi amelala msichana aliyevaa nguo ya kuogelea, akiugusa mpira kwa ncha za vidole. Hauzi, hanunui, haendeshi gari, hafungi nati, hasemi neno. Ukimwondoa, tangazo halipungukiwi na taarifa hata moja, kwa sababu tairi litabaki lile lile na bei itabaki ile ile. Amewekwa pale ili jicho la mpita njia lisimame, na jicho likishasimama, yeye hana shughuli nyingine.

Katika miaka ya 1970 mwanasosholojia Erving Goffman alikusanya mamia ya picha za matangazo ya Marekani na kuzichambua mkono kwa mkono, bega kwa bega. Alionyesha kwamba mwanamume husimama juu na mwanamke huwekwa chini, amelala au ameinama. Kwamba mkono wa mwanamume hukishika kitu barabara na kukitumia, ilhali wa mwanamke hukipapasa tu. Na kwamba mwanamume huangalia kinachoendelea wakati mwanamke ameelekeza macho pembeni, kana kwamba mawazo yake hayapo pale. Picha zile zilikuwa za Marekani, lakini mtu yeyote aliyewahi kutembea Kariakoo au katikati ya Nairobi huku akiangalia mabango atazitambua mara moja.

Kwa hiyo tatizo ni mavazi?

Hapana, na naomba jambo hili lieleweke vizuri kabla hatujaendelea, kwa sababu mjadala huu umewahi kutumiwa kuwaumiza wanawake wale wale unaodai kuwatetea. Mwezi Februari 2014 Rais wa Uganda alisaini Sheria ya Kupambana na Ponografia, ambayo watu wengi waliielewa kuwa ni sheria ya kupiga marufuku sketi fupi, na baada ya kusainiwa kwake wanawake walishambuliwa na kuvuliwa nguo barabarani na watu waliojifanya wasimamizi wa maadili. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilibatilisha vifungu vyake muhimu mwaka 2021. Mwezi Novemba 2014, jijini Nairobi, baada ya mwanamke mmoja kuvuliwa nguo hadharani katika kituo cha matatu kwa madai kwamba alivaa vibaya, mamia ya wanawake na wanaume waliandamana wakisema kwamba nguo ya mtu ni uamuzi wake mwenyewe.

Tangazo linaweza kumwonyesha mwanamke aliyevaa nguo ya kuogelea bila kumdhalilisha hata kidogo, mradi awe muogeleaji, anaogelea, na kinachouzwa ni miwani ya kuogelea. Vivyo hivyo, tangazo linaweza kumvika mwanamke gauni la kitenge na kilemba, likamfunika kuanzia utosini hadi miguuni, kisha likamfanya mtu asiyejua chochote duniani isipokuwa madoa. Huyu wa pili amevaa kwa staha yote inayotakiwa, na bado amedhalilishwa. Anayepima kwa urefu wa sketi atamkosa kabisa.

Lakini wanawake ndio wanaofua na kupika. Tangazo la sabuni lina kosa gani likionyesha hali halisi?

Hili ni swali gumu kuliko yote, na ninaliheshimu. Ni kweli kwamba katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mikono iliyo ndani ya beseni ni ya mama, au ya binti, au ya dada wa kazi. Tangazo likimwonyesha mama akifua halijasema uongo.

Uongo huanzia mahali pengine. Huanzia kwenye furaha: mwanamke wa tangazo hachoki, mgongo haumuumi, anafua huku akiimba, wala hatuonyeshwi maji yametoka wapi na nani aliyebeba ndoo. Kisha huja hukumu. Doa kwenye kola ya shati la mume au kwenye sare ya mtoto huonyeshwa kuwa ni aibu ya mke. Jirani anachungulia, mama mkwe anakunja uso, na muziki unabadilika kuwa wa huzuni. Mtoto ndiye aliyecheza kwenye matope na mume ndiye aliyelivaa shati, lakini anayehukumiwa ni yule aliyekuwa na beseni mbele yake. Halafu mwishoni husikika sauti nzito ya mwanamume ikitaja ubora wa sabuni, kana kwamba mtu aliyefua kwa miaka ishirini hawezi kuaminiwa kuisemea.

Mazoea haya yana historia. Katika Marekani ya miaka ya 1930 kampuni za sabuni, Procter & Gamble ikiwa mbele, zilidhamini michezo ya redio ya mchana iliyowalenga wanawake waliokuwa nyumbani, na ndiyo maana mpaka leo Kiingereza huziita tamthilia za aina hiyo kwa jina la sabuni. Ulikuwa mpango wa biashara: mjue anayeshika pesa za matumizi ya nyumbani, umpe hadithi, kisha umpe hofu ndogo ambayo bidhaa yako ndiyo dawa yake. Mpango huo ulisafiri pamoja na sabuni.

Uingereza ilijaribu kuuchora mstari huu kwa maandishi. Kuanzia tarehe 14 Juni 2019 kanuni za matangazo za nchi hiyo zinakataza dhana za kijinsia zinazoweza kuleta madhara. Kanuni haimkatazi mwanamke kufua au kufanya usafi ndani ya tangazo. Inakataza, kwa mfano, kuionyesha familia nzima ikichafua nyumba huku mwanamke peke yake akiachiwa jukumu la kuisafisha. Tofauti hiyo ni ndogo ukiisoma, lakini ukiiangalia kwenye televisheni ni kubwa sana, kwa sababu katika tangazo la kwanza kazi inafanyika, na katika la pili kazi imepewa mwenyewe wa kudumu.

Nani huandika mambo haya? Je, ni chuki?

Mara chache ni chuki. Mara nyingi ni haraka na mazoea, na nimeyaona kwa macho yangu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika studio ndogo ya kurekodi, Dar es Salaam, kuangalia Kiswahili cha tangazo la redio kuhusu mikopo ya ujenzi. Tangazo lilikuwa na watu wawili, Baba na Mama. Baba ndiye aliyeeleza kila kitu: kiwango cha mkopo, riba, muda wa marejesho na nyaraka zinazotakiwa. Mama alikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilikuwa, «Kwa hiyo mume wangu, na sisi tutaondoka kwenye nyumba ya kupanga?» Ya pili ilikuwa, «Asante mume wangu, kweli wewe ni kichwa.»

Dada aliyepewa sauti ya Mama alikuwa mweka hazina wa kikundi chake cha VICOBA, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Wakati wa mapumziko alimwambia mwandishi, kwa upole kabisa, kwamba riba iliyotajwa na Baba haikubaliani na marejesho ya kila mwezi yaliyotajwa sentensi mbili mbele. Aliigeuza karatasi, akaazima kalamu ya fundi mitambo, akapiga hesabu nyuma yake, na hesabu ikawa sahihi. Mwandishi alishukuru, akasahihisha takwimu, kisha akaziacha pale pale zilipokuwa, mdomoni mwa Baba. Tuliporudi kurekodi, dada yule aliombwa airudie ile «asante» kwa sauti ya deko zaidi.

Nilipendekeza kwamba hesabu isemwe na Mama, kwa kuwa ndiye aliyeipiga. Nilijibiwa kwamba mteja alikwisha kuidhinisha andiko na muda wa studio ulikuwa unakwisha. Hakuna mtu katika chumba kile aliyekusudia kumdharau mtu. Lakini tangazo lilirushwa vile vile, na maelfu ya wasikilizaji wakasikia kwamba riba ni jambo la wanaume.

Matangazo ya mafuta ya kung'arisha ngozi na dawa za nywele yanaingiaje katika suala hili?

Yanaingia moja kwa moja, na kwetu sisi pengine ndiyo yenye madhara makubwa kuliko mengine yote, kwa sababu hayaishii kwenye picha, yanaingia mwilini. Tangazo la aina hii huwa na wanawake wawili, au mwanamke mmoja katika nyakati mbili. Kabla: mweusi, mpweke, ameinamisha kichwa. Baada: mweupe zaidi, amepata mchumba, amepata kazi, anatembea kifua mbele. Kinachouzwa ni wazo kwamba ngozi aliyozaliwa nayo ni kasoro ya kurekebishwa, na mwanamke ndiye anayelipa gharama ya marekebisho hayo.

Kampuni kubwa za dunia zimewahi kuumbuka hadharani kwa jambo hili. Mwaka 2017 peke yake, Nivea iliondoa tangazo la kizuia jasho lililowalenga wateja wa Mashariki ya Kati na kuomba radhi, kwa sababu lilidai kwamba weupe ndio usafi. Baadaye mwaka huo huo tangazo lake la mafuta ya kufanya ngozi ionekane nyeupe zaidi lilizua hasira Ghana na Nigeria. Na Dove nayo ikaomba radhi kwa tangazo fupi lililomwonyesha mwanamke mweusi akivua fulana na kutokea mwanamke mweupe. Mwaka 2020 Unilever ililibadilisha jina la krimu iliyokuwa ikiuzwa India tangu 1975 kwa jina la Fair & Lovely, ikalifuta neno lililomaanisha weupe. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, maduka ya Clicks nchini Afrika Kusini yalikumbwa na maandamano baada ya tovuti yao kuweka tangazo la TRESemmé lililozieleza nywele za wanawake weusi kuwa kavu na zilizoharibika, na nywele za mwanamke mweupe kuwa za kawaida.

Neno hilo, «kawaida», ndilo linaloniuma zaidi. Anayeandika kwamba nywele za fulani ni za kawaida amekwisha kusema kwamba za mwingine ni ugonjwa.

Huku kwetu biashara hii ina sura nyingine isiyohitaji hata bango. Mkorogo hupimwa kwa kijiko sokoni, ukatiwa kwenye kopo lisilo na maelezo, na aliyeuchanganya hawezi kukwambia una nini ndani. Viambato vya kung'arisha ngozi vina madhara yake: zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumika kiholela hudhuru ngozi na kuiacha na mabaka meusi, mara nyingi kwenye mashavu na vifundo vya vidole. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, na Rwanda ilifanya msako madukani mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019. Hata hivyo, msako hukamata makopo. Haugusi muziki wa video unaomwimba «mtoto mweupe», wala tamthilia ambayo mke anayependwa ni mweupe na mfanyakazi wa ndani ni mweusi, na kwa sababu hiyo makopo hurudi.

Na picha zilizohaririwa kwa kompyuta?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2017 Ufaransa inataka picha ya kibiashara ambayo umbo la mwanamitindo limepunguzwa au kuongezwa kwa kompyuta iwe na maandishi yanayosema picha imerekebishwa, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya euro 37,500. Norway ina sharti la namna hiyo tangu Julai 2022. Ni hatua nzuri, ingawa simu ya mkononi leo inalainisha uso wa mtu kabla hata hajabonyeza kitufe.

Hayo ni matangazo. Kwenye habari wanawake huonyeshwaje?

Kwanza, hawaonyeshwi vya kutosha. Mradi wa Kimataifa wa Ufuatiliaji wa Vyombo vya Habari umekuwa ukihesabu tangu mwaka 1995, kila baada ya miaka mitano, ni nani wanaosikika na kuonekana katika habari za siku moja duniani kote. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliozungumza au kuzungumziwa. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Ongezeko la alama nane katika robo karne maana yake ni kwamba msichana aliyezaliwa hesabu ya kwanza ilipofanyika amekua, amesoma, huenda amezaa, na bado katika kila watu wanne wanaotajwa kwenye taarifa ya habari watatu ni wanaume.

Pili, ni namna wanavyotajwa pale wanapotajwa, na hapa nitakaa kidogo. Soma vichwa vya habari vya mauaji ya majumbani. «Auawa kisa wivu wa mapenzi.» «Achinjwa kisa simu.» «Mke auawa kwa kuchelewa kurudi.» Angalia sarufi yake. Kitenzi kiko katika hali ya kutendwa, na mtenda hayupo. Mwanamke ndiye aliyebaki peke yake ndani ya sentensi, pamoja na sababu, na sababu hiyo imetoka kwa muuaji au kwa taarifa ya polisi iliyomsikiliza muuaji. Neno «kisa» linafanya kazi kubwa mno hapo: linakifanya kitendo cha mtu aliyeshika panga kiwe tokeo la simu iliyoita. Marehemu hana nafasi ya kujibu.

Na neno «mapenzi» linafanya nini katika sentensi ile? Mwandishi akiandika «Mume amuua mkewe, ashikiliwa na polisi», ametumia maneno machache, amesema ukweli uliothibitishwa, na hajamfanya marehemu mshtakiwa.

Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya Wakenya waliandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, na moja ya mambo yaliyowakera waandamanaji ni jinsi wasichana waliouawa katika nyumba zinazokodishwa kwa siku chache walivyojadiliwa: walivaa nini, walifuata nini, nani aliwalipia. Mwezi Septemba mwaka huo huo alifariki Eldoret mwanariadha Rebecca Cheptegei wa Uganda, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na mtu aliyewahi kuwa mpenzi wake, wiki chache tu baada ya kukimbia marathoni kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris. Taarifa za mwanzo zilitaja haraka ugomvi kuhusu ardhi. Ugomvi wa ardhi huamuliwa barazani au mahakamani. Kuutaja mwanzoni mwa habari kama chanzo, bila kusema hivyo, ni kumpa msomaji njia ya kuona kwamba jambo hili lilikuwa na pande mbili.

Wanawake viongozi nao?

Mheshimiwa waziri mwanamume huulizwa kuhusu bajeti. Mwenzake mwanamke huulizwa kuhusu bajeti, kisha anaulizwa anawezaje kuyaunganisha majukumu hayo na familia. Sijawahi kumsikia mwanamume akiulizwa nani anapika nyumbani kwake.

Suala la majina lina ugumu wake. Tangu tarehe 19 Machi 2021 Tanzania imekuwa na Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan, na wananchi wengi humwita Mama. Mama ni neno la heshima katika lugha yetu na sioni sababu ya kulionea haya. Ninachowaomba waandishi ni kuangalia neno hilo linaletwa lini. Likitumika kumpa mtu hadhi yake, ni sawa. Likitumika kuugeuza uamuzi wa kiserikali kuwa huruma ya mzazi, au kulifanya kosa la kiutawala lionekane udhaifu wa kike, basi limekuwa ngazi ya kumshusha. «Mwanadada» nalo ni la kuangaliwa: kumwita hivyo daktari bingwa mwenye umri wa miaka hamsini ni kumnyima umri na taaluma yake kwa neno moja.

Wanawake hao wamekubali na wamelipwa. Wanadhalilishwaje?

Lawama si ya mwanamitindo wala ya msichana anayecheza kwenye video ya muziki. Anatafuta riziki katika soko ambalo hakulipanga, na mara nyingi malipo yake ni madogo kuliko ya mpiga picha. Ridhaa yake inahusu mwili wake na siku yake ya kazi. Haiwezi kuwa ridhaa ya wasichana wengine wote watakaopita chini ya bango lile kwenda shule.

Wasomaji ndio wanaotaka mambo hayo. Gazeti lisipoyatoa litauzwaje?

Gazeti la The Sun la Uingereza lilichapisha picha za wasichana waliofunua vifua kwenye ukurasa wake wa tatu tangu mwaka 1970, na kwa miongo mingi wahariri walijibu hivyo hivyo. Kampeni ya wananchi ya kuupinga ukurasa huo ilianza 2012. Mwezi Januari 2015 gazeti liliacha utaratibu huo, na linaendelea kuchapishwa mpaka leo.

Je, wanaume hawadhalilishwi?

Hudhalilishwa pia, na mara nyingi ni upande wa pili wa sarafu ile ile. Moja ya matangazo mawili ya kwanza kupigwa marufuku chini ya kanuni mpya ya Uingereza, Agosti 2019, lilikuwa la jibini ya Philadelphia, ambamo akina baba wawili wanajisahau kwa sababu ya chakula hadi watoto wao wachanga wanabebwa na mkanda wa kupitishia vyakula mgahawani. Tangazo linalosema baba hawezi kulea limemdharau baba, na papo hapo limemrudishia mama mtoto mgongoni.

Kuna sheria yoyote inayotuhusu sisi?

Ipo, na nchi zetu zimeisaini kwa hiari yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake wa mwaka 1979, ambao Kenya ilijiunga nao 1984 na Tanzania ikauridhia 1985, unazitaka nchi, katika ibara ya 5, kubadili mienendo ya kijamii na kiutamaduni inayotokana na wazo kwamba jinsi moja ni bora kuliko nyingine au kwamba wanawake na wanaume wana majukumu yasiyobadilika. Mkutano wa Beijing wa Septemba 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, uliweka wanawake na vyombo vya habari miongoni mwa maeneo 12 ya kushughulikiwa.

Kwa Afrika, kifungu kilicho wazi zaidi ni cha Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003. Ibara ya 13, kipengele cha m, inazitaka nchi kuchukua hatua za kisheria na kiutawala kuzuia wanawake kunyonywa na kudhalilishwa katika matangazo ya biashara na ponografia. Tanzania iliiridhia Itifaki hiyo 2007 na Kenya 2010. Ibara hiyo inahusu haki za kiuchumi na ustawi wa jamii, na nadhani waliokiweka kipengele hiki humo walifikiri sawasawa: mwanamke anayeonyeshwa miaka yote kuwa hajui riba ataombwa dhamana ya mume wake siku atakapokwenda kukopa.

Je, kuna aliyewahi kulishughulikia jambo hili hapa nyumbani?

Ndiyo, na kwa muda mrefu. Chama cha Wanawake katika Vyombo vya Habari nchini Kenya, AMWIK, kilianzishwa 1983, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzishwa 1987. TAMWA ilianza kwa kuandika yenyewe yale ambayo magazeti hayakuyaandika, na jarida lake likaitwa Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Siti, aliyezaliwa katika familia maskini ya mfinyanzi kijijini Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na aliimba juu ya dhuluma na juu ya mahakama zilizowapendelea wenye nacho. Habari za ubakaji na vipigo zilizoandikwa na wanachama wa TAMWA zilikuwa sehemu ya msukumo uliozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998.

Nimeona tangazo la kudhalilisha. Malalamiko ya mtu mmoja yana uzito gani?

Pamoja na lile la jibini, tangazo jingine lililopigwa marufuku Uingereza Agosti 2019 lilikuwa la gari la Volkswagen: wanaume wakiwa wanaanga, mwanamume mwenye mguu wa bandia akiruka, na mwanamke ameketi kwenye benchi kando ya kigari cha mtoto. Waliolalamika walikuwa watatu.

Huku kwetu anza na aliyelirusha au aliyelichapisha. Kwa redio na televisheni nchini Tanzania, kituo kisipokujibu unaweza kwenda Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ina Kamati ya Maudhui. Nchini Kenya kuna Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa habari kuna Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Kwa bango la barabarani, angalia nguzo au pembe za bango, ambako mara nyingi huandikwa jina la kampuni inayolimiliki, kisha iandikie kampuni hiyo pamoja na mwenye bidhaa. Taja tarehe, saa, jina la kituo au mahali bango lilipo, na bidhaa inayotangazwa. Eleza kilichoonekana na kilichosikika kabla ya kueleza ulivyojisikia: nani alikuwepo, nani alisema, nani alinyamaza, nani alikuwa anafanya nini. Usiandike kuhusu mavazi isipokuwa ndiyo hoja yenyewe. Sema unachotaka kifanyike, iwe kuondolewa kwa tangazo au kubadilishwa kwa maneno fulani. Ukurasa mmoja unatosha. Ambatanisha picha au rekodi, weka nakala yako, na uombe ujibiwe kwa maandishi.